Koti Lililobaki Machimboni

Baba mkwe wangu Helmer hajui kukaa. Kahawa huinywa amesimama dirishani, kisahani kiganjani, kipande cha sukari amekibana kwa meno, na kabla kisahani hakijakauka ameshatoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho ameshakiangalia. Alipostaafu kuendesha lori la theluji tulidhani sasa atapumzika. Mwili haukukubali. Maisha yake yote aliamka theluji ilipoanza kuanguka, akaisukuma kando ya barabara ili watu waende kazini na maziwa yafike mjini, na hapa Kvarnmyr theluji haijui kustaafu. Siku hizi lori analo mtu mwingine. Helmer hulala akilisikiliza likipita.

"Amechelewa kushusha bapa la kusukumia theluji pale kwenye kona," huniambia asubuhi, hata hatujasalimiana. "Umesikia?"

"Nimemsikia Tyra tu, Baba."

"Amechelewa. Barabara itakuwa na mgongo hadi Pasaka."

Tyra ni binti yangu, na majira yale ya baridi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mume wangu Stellan hukata miti kambini huko juu, hurudi Ijumaa jioni. Kwa hiyo katikati ya wiki nyumba ilikuwa ya Helmer, mimi, mtoto na mbwa wawili, wote jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kwenye moto.

Mbwa mzee anaitwa Murre. Ni wa kijivu, mnene, kiziwi, na amechagua kulala pale pale ninapopita na sufuria. Nikimwambia sogea hasikii. Nikimsukuma kwa mguu ananitazama kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Wa pili ni Klinga, mbwa wa kufukuza sungura, mweusi mwenye miguu ya kahawia, masikio marefu, manyoya mafupi kama ya mahameli. Akishika harufu ya sungura hubweka kwa sauti ya juu, safi, kama mtu anayegonga chuma kizuri, na ukisimama kwenye ngazi zetu unajua yuko upande gani wa kilima. Mama mkwe ndiye aliyemchagua angali mtoto wa mbwa, mwaka wa mwisho wa mama mkwe duniani, kwa ajili ya sauti hiyo. "Huyu atakutoa nje," alimwambia Helmer. "Mimi sitakuwepo kukufukuza jikoni mwangu."

Na kweli humtoa. Asubuhi nachemsha uji wao wa shayiri na vichwa vya samaki, Helmer anawapaka mafuta ya nguruwe kwenye nyayo ili theluji isigande katikati ya vidole, halafu yeye na Klinga wanaondoka. Wakirudi, mbwa ana mabonge ya theluji yanayoning'inia tumboni, yanayeyuka sakafuni, na mimi napita nyuma na tambara. Manyoya yamo kwenye siagi, yamo kwenye soksi, yamo kinywani mwa Tyra. Nilipoolewa yalinikera. Sasa nikienda kwa mama yangu, nyumba isiyo na mbwa, naona kama kuna kitu hakipumui.

Ng'ambo ya barabara anaishi Yngve na mkewe Alfhild. Dirisha letu la jikoni linatazamana na lao, na tukiwasha taa tunaonana tukimenya viazi. Lakini Helmer na Yngve walikuwa hawasemezani. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa theluji. Lori likipita huacha tuta kwenye kila mlango wa uwanja, hilo halina dawa, mtu hutoka na chepe lake akalibomoa. Yngve akasema tuta la kwake ni kubwa kuliko ya wengine, na kwamba Helmer hulikuza makusudi. Alisema hivyo dukani, mbele ya watu. Helmer akamjibu kwamba mtu wa pwani hawezi kujua theluji, anachojua ni dagaa. Yngve alioa hapa na nywele zake zimeota mvi hapa, lakini alitoka pwani kwa wavuvi, na kwetu jambo hilo halifutiki. Hajawahi kufuga mbwa. Anawaogopa, ingawa husema hawapendi.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, Helmer alimfungulia Klinga kwenye machimbo ya changarawe, pale barabara inapoishia. Sungura aliinuka mara moja. Nilikuwa naanua nguo zilizokauka kama mbao, nikasikia sauti ya Klinga ikipanda kilima, ikigeuka, ikipanda tena. Halafu ikavuka upande wa pili. Sikuisikia tena.

Jua kwetu majira hayo huchungulia tu na kuondoka. Lilipokuwa limeshazama, Helmer aliingia jikoni na sweta tu mwilini, masikio meupe kwa baridi.

"Koti liko wapi, Baba?"

"Nimemwachia."

Sikuuliza zaidi. Kila mwenye mbwa hapa hufanya hivyo. Mbwa aliyepotea hurudi kwa nyayo zake mwenyewe hadi pale alipofunguliwa, na akikuta nguo yenye jasho la bwana wake hujikunja juu yake, akangoja. Asubuhi unamkuta hapo amejaa umande ulioganda, anatikisa mkia kama vile wewe ndiye uliyepotea.

"Nimeita," akasema. "Nimepuliza mtutu hadi midomo imeshikamana na chuma." Huwa anatoa risasi kwenye bunduki, anakunja bunduki, anapuliza kwenye mtutu kama baragumu, ndivyo mbwa wake walivyofundishwa kuitwa. Akasogea kwenye kipimajoto nje ya dirisha, akakikwangua barafu kwa kucha. Ishirini na nane chini ya sifuri, na mbingu haina wingu hata moja la kuifunika ardhi.

"Usiku mmoja ataweza," akasema. "Akilikuta koti ataweza. Wa pili hapana. Manyoya yenyewe yale."

"Atarudi, Baba. Kaa ule."

Hakukaa. Alikula viazi kutoka mkononi, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, na Murre akalazimika kuhama njia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nami nikaanza kuwa hivyo hivyo. Nilimnyonyesha Tyra huku sikio langu moja liko nje. Kila kuni ilipolia jikoni tulitazamana.

Asubuhi ya Jumatano aliondoka kabla hakujapambazuka, amevaa koti la Stellan ambalo mikono haimfiki. Alirudi wakati wa uji. Koti lake lilikuwa pale pale, akasema, limetandazwa kama alivyoliacha, juu yake ukoga wa barafu, hakuna alama ya mbwa. Alikuwa ameteleza kwenye skii zake, zile mbao ndefu za miguuni, msitu mzima, akiita, akisimama, akirudi alikotoka, akikata njia yake mwenyewe mara nyingi asijue tena ipi ni ya kwenda.

"Nikienda kushoto nadhani yuko kulia," akasema. "Nikienda kulia, hivyo hivyo."

"Pumzika kidogo halafu uende."

"Nitapumzikia nini?"

Nilimlazimisha akanywa kahawa, nikamvua soksi kwa nguvu nikampa kavu. Miguu yake ilikuwa baridi kama samaki. Akakaa kwenye benchi muda wa soksi tu. Mara nikaona dirishani Yngve anavuka uwanja wake haraka, kamba begani, taa mkononi, anafunga skii. Nilidhani anakwenda kuvuta kuni. Sikumwambia Helmer, maana kulitaja jina lile asubuhi kama ile ilikuwa kumwaga mafuta kwenye moto. Baada ya muda Helmer naye akatoka tena.

Mchana ule ulikuwa mrefu kwangu, ingawa mwanga wenyewe ulikuwa mfupi. Nilikwenda bandani kuleta kuni, nikarudi, nikaenda tena, kuni zikafika dirishani. Nilifua vitambaa vya Tyra ambavyo vilikuwa safi. Kwenye bakuli la Klinga uji ulikuwa umefanya ngozi juu, nikaupasha moto, ukafanya ngozi tena.

Helmer aliporudi hakuita jina langu wala hakukung'uta viatu. Alisimama katikati ya jikoni.

"Limechukuliwa."

"Nini?"

"Koti. Halipo. Mtu amelichukua." Alitoa glavu moja, akaivaa tena. "Na mbwa amefika, Gunvi. Nimeziona nyayo zake. Amefika pale, amezunguka, amechimbua theluji kwa pua akitafuta, hakukuta kitu. Akaondoka. Amerudi msituni kwa sababu hakukuta kitu."

Nilihisi maziwa yakinishuka, kama yanavyofanya nikiwa na hofu, na Tyra wala hakuwa analia.

"Nani anaweza kuokota koti msituni?" nikasema.

"Aliyekuja alikuja na skii. Gongo lake moja la kujisukumia lina duara chini, la pili halina, linatoboa theluji kama sindano. Nani hapa kijijini anatembea na gongo bovu kwa sababu duara jipya ni ghali?"

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Tulijua sote wawili.

"Amengoja miaka yote hii," Helmer akasema, na sauti yake ikawa ndogo, ndiyo iliyonitisha. "Angevunja dirisha langu. Angenimwagia maji kwenye ngazi nianguke nivunjike nyonga. Sawa, hayo ni ya watu wawili. Lakini mbwa? Mbwa amemkosea nini?"

"Labda alidhani limepotea."

"Limepotea huku limetandazwa kama shuka?" Alikuwa ameshashika kitasa. "Naenda kwake. Naenda kulichukua koti langu, na safari hii nitasema yote, hata yale niliyomeza dukani."

Nilijua akivuka barabara katika hali ile hakutakuwa na wa kumrudisha, na mbwa bado atakuwa msituni. Kuna njia moja tu ya kumkalisha Helmer, na katika nyumba hii ninaijua mimi peke yangu. Nikamtoa Tyra kitandani kwake, mzito wa usingizi, nikamweka kifuani pa babu yake.

"Nishikie kidogo, Baba, nichochee moto."

"Gunvi, sina muda wa..."

"Kidogo tu. Ukisimama hivyo ataamka."

Akakaa. Tyra akaingiza ngumi kwenye sweta lake akaendelea kulala, na yule mzee akabaki pale kwenye benchi kama mtu aliyefungwa kamba, hathubutu hata kukohoa. Mimi nikachochea moto. Halafu nikaenda kwenye simu ukutani.

"Unampigia nani?" akanong'ona.

"Alfhild."

"Nyumba hii haipigi simu kule."

"Nyumba haipigi, Baba. Napiga mimi."

Alfhild alipokea kabla kengele haijaisha kulia mara ya kwanza.

"Gunvi? Mungu wangu, nimekupigia, hakuna anayeshika."

"Nilikuwa bandani kwa kuni. Alfhild, nilitaka kuuliza kuhusu koti la..."

"Najua, mwanangu, najua. Kaa chini kwanza. Umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi shika kitu. Yngve alikwenda asubuhi kuangalia mitego yake ya kwale, akakuta koti la Helmer juu ya theluji. Koti tupu. Na baridi hii. Unajua mwenyewe watu wanavyofanya baridi inapowaua, mwishoni wanaona joto, wanavua nguo. Kama yule mkata miti wa kule juu aliyekutwa na shati tu, viatu kavipanga pembeni. Yngve anasema nyayo za Helmer zimezunguka msitu mzima, zinakwenda, zinarudi, zinajikata, kama za mtu aliyeshaondokewa na akili. Amekuja mbio kuchukua taa na kamba amerudi kumtafuta. Na mimi nimempigia Valdemar wa dukani akusanye watu. Gunvi? Uko hapo?"

"Niko."

"Usilie, mwanangu."

"Silii. Alfhild, Helmer yuko hapa. Amempakata Tyra."

Nilisikia saa ya ukutani ya kwao ikigonga.

"Yuko hapo," akasema.

"Jikoni. Amevaa soksi zangu."

"Basi Yngve anamtafuta nani?"

Nilipogeuka, Helmer alikuwa ananitazama. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, sikuongeza wala kupunguza. Mkono wake ulikuwa mgongoni mwa Tyra, ukipanda na kushuka na pumzi yake.

"Mimi?" akasema mwisho. "Ananitafuta mimi?"

"Tangu asubuhi."

"Mjinga yule. Na mapafu yake yale mabovu." Akatazama dirishani, kule msitu ulikokuwa unaanza kuwa buluu. "Na hao watu wa Valdemar wanakuja kuokota maiti yangu?"

"Nadhani."

"Wapigie. Waambie maiti inakunywa kahawa." Lakini alikuwa ananyoosha mikono kunirudishia mtoto, taratibu, na uso wake haukuwa wa utani. "Nipe bunduki pale. Kama hajasikia nikiita mbwa, atasikia nikimwita yeye."

Nikampigia Valdemar. "Kwa hiyo nisikusanye?" akauliza. Nikamwambia asikusanye. "Nimeshavaa buti," akasema, kama ni mimi niliyemkosesha shughuli.

Helmer alipokwenda nilitoka kwenye ngazi na Tyra nimemfunga ndani ya koti langu la sufu, kichwa chake chini ya kidevu changu. Hewa ilikuwa kavu hata puani inachoma. Nikasikia mtutu ukilia kule machimboni, mrefu, mzito, kama ng'ombe aliyefungiwa mbali. Kimya. Ukalia tena. Ng'ambo ya barabara Alfhild naye alikuwa ametoka kwenye ngazi zake, shali kichwani. Hatukuitana. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake mle msituni, na mimi nilikuwa na mbwa pia, usiku wa pili unaingia. Niliwaza namna atakavyokuwa amejikunja chini ya mti fulani, masikio yake yale membamba, akisikia mtutu na miguu haimbebi. Ukalia mara ya tatu, halafu haukulia tena, na sikujua kama hiyo ni nzuri au mbaya.

Nikaingia ndani kwa ajili ya mtoto. Murre hasikii, kwa hiyo hakunisaidia kitu, alilala tu. Nikaweka kahawa motoni, nikaiondoa isichemke kupita, nikairudisha. Nikakata jibini, ile tunayochovya kwenye kahawa huku kwetu, nikaona nimekata ya vikombe vinne, pamoja na vya Yngve na Alfhild.

Halafu ngazi zikalia.

Wa kwanza kuingia alikuwa Klinga. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akichechemea, ncha za masikio nyeupe, kamba shingoni. Hakuja kwangu wala kwenye bakuli. Aligeuka akamngoja aliyemshika kamba, na aliyemshika alikuwa Yngve, ndevu zake zimekuwa kipande kimoja cha barafu. Begani amebeba koti la Helmer. Helmer alikuwa nyuma yake, ameshika skii za wote wawili.

"Funga mlango, baridi inaingia," Helmer akasema. "Mtu wa pwani hajui hata kufunga mlango."

"Nifunge vipi, mbwa wako amenishika?" Yngve akasema. Kweli, Klinga alikuwa ameingiza pua kwenye ncha ya mkono wa koti iliyokuwa inaning'inia, hataki kuiachia. "Gunvi, mwondoe huyu. Tangu machimboni yuko nami mgongoni."

Nilipiga magoti nikamshika Klinga. Alinuka utomvu na damu kidogo. Nyayo zilikuwa zimechanika, lakini zilikuwa na joto katikati, na nilipomkumbatia moyo wake ulikuwa unagonga vizuri. Ndipo nikalia kidogo, nikifuta machozi yangu kwenye manyoya yake, na hakuna aliyeniuliza.

Yngve alikaa kwenye benchi pale pale alipokuwa Helmer. Barafu ya ndevu ilipoanza kudondoka kwenye kikombe, akasimulia. Aliporudi machimboni na kamba alilibeba koti la Helmer begani ili akimkuta amfunike. Mchana, ndani kabisa ya msitu, mbwa akatokea nyuma yake. Yngve akaganda, akainua gongo. Mbwa hakumfanya kitu, akamzunguka tu, akinusa, akilia.

"Nikajua ni mbwa wako. Nikasema huyu anajua alipo bwana wake, amekuja kuniita. Kwa hiyo nikamwambia, haya, nenda, nionyeshe."

"Akaenda?" Helmer akauliza.

"Akasimama. Nikaenda mimi hatua chache, akaja. Nikasimama, akasimama. Nikasema labda anaogopa. Akienda kidogo kushoto nami naenda kushoto. Nikigeuka, naye anageuka. Tumekwenda hivyo hadi kwenye kinamasi, tumerudi, tumekwenda tena, mpaka niliposikia mtutu wako nikamfunga kamba."

"Yeye alikuwa anafuata koti," Helmer akasema.

"Nimeshaelewa hivyo."

"Wewe unamfuata yeye, yeye anakufuata wewe."

"Nimesema nimeshaelewa."

Helmer akageukia dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, cheko la chini chini ambalo sikuwa nimelisikia tangu mama mkwe azikwe. Yngve alimtazama kwa hasira, halafu barafu ya mwisho ikamdondoka kidevuni ikaingia kwenye kahawa, akashindwa, naye akacheka.

"Ningekuta umekufa," Yngve akasema, "ningekuua."

"Kwa nini ulihangaika? Si ungepata amani?"

Yngve alichovya jibini yake, akaila polepole. "Nani angenipa ushahidi kwamba tuta lilikuwa kubwa? Huyu mpya anaacha tuta dogo. Watu wanasema nilikuwa nasema uongo."

Nilijishughulisha na nyayo za Klinga, nikizipaka mafuta. Helmer alikuwa amesimama, kisahani kiganjani. Akakiweka mezani.

"Mara moja nilifanya makusudi," akasema.

"Mara moja?"

"Msimu mmoja."

"Msimu upi?"

"Ule uliposema yale dukani."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ulikuwa unaota."

Yngve alifikiri. "Sioti mimi," akasema, lakini akasukuma kikombe chake kuelekea kwangu nikijaze.

Walipoinuka, koti lilikuwa limeshuka sakafuni na Klinga amelala juu yake, pua chini ya mkia, usingizi mzito kama jiwe. Murre alikuwa amesogea, kwa hiari yake, akalaza kidevu chake kwenye ncha ya kola. Helmer alitazama, akachukua tena koti la Stellan lenye mikono mifupi.

"Nakusindikiza," akamwambia Yngve. "Usije ukapotea barabarani, Alfhild akamwita Valdemar."

Nilizima taa ya jikoni ili nione nje. Taa zao mbili zilivuka barabara zikafika kwenye mlango wa uwanja wa Yngve, pale ambapo lori huacha tuta. Nilidhani wataagana. Hazikuachana. Taa moja ikainuka juu, ikasimama, ikashuka, kama mtu anayeonyesha kimo cha kitu. Ya pili ikaonyesha kimo kidogo zaidi. Ya kwanza ikapanda tena, juu zaidi. Ng'ambo ya pili niliona dirisha la Alfhild nalo limezimwa taa, na nyuma ya kioo kitu cheupe, shali yake, haijongei.

Tyra alikuwa ameamka, anatapatapa akitaka kunyonya. Nikakaa chini sakafuni kati ya mbwa, mgongo kwenye benchi, nikamnyonyesha. Klinga alikuwa anakimbia usingizini, miguu ikikwaruza kitambaa cha koti. Nikamwekea mkono ubavuni. Aliendelea kukimbia chini ya kiganja changu, na Helmer alikuwa bado hajarudi.